Mwulize Mjomba: BSA ya babu imewaka, wanunuzi wamekuja, na baba mdogo naye kaja

Shikamoo Mjomba, na mbukwenyi wote mnaosoma hapa.

Mimi ni mkazi wa Nkuhungu hapa Dodoma, kazi yangu ni kuchomelea, mageti, madirisha na vitrela vya kuvuta na pikipiki, kwaiyo vyuma sio vitu vigeni kwangu. Nina jambo limenikaa kichwani mpaka kazi za watu zinachelewa, naomba unisaidie manake kila ninayemuuliza ananipa jibu la kujifaidisha yeye.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mtumishi wa mifugo kule Mpwapwa, na alikuwa na pikipiki ya Kiingereza, BSA, ile kubwa yenye silinda moja imesimama wima, wazee wa pale wanasema akiiwasha alfajiri mtaa mzima unajua bwana mifugo anaondoka. Mwenyewe alikuwa anatuambia aliipata Kongwa, wazungu walipokuwa wanauza vitu vyao baada ya ule mradi wao wa kulima karanga kufa. Babu alifariki 2003, na pikipiki ilikuwa imeshakufa kabla yake, imesimamishwa kwenye banda la mbuzi, kuku wanataga chini ya fenda. Mirathi haikufunguliwa. Nyumba anakaa shangazi yangu mkubwa mpaka leo na hakuna aliyewahi kuuliza kitu.

Sasa miaka ya nyuma walipita watu wa chuma chakavu, shangazi akanipigia akaniambia njoo uchukue hii takataka yenu kabla sijawapa hawa watu wa skrepa, mi nikaenda siku hiyohiyo, nikaipakia kwenye fuso la alizeti kupitia Mbande mpaka Dodoma. Hakuna maandishi yoyote, ni mdomo tu.

Mjomba nimeitengeneza kwa jasho. Pistoni ilikuwa imeshika kwenye silinda, tuliilowesha na dizeli wiki nzima ndo ikaachia. Silinda tukachonga, pistoni na ringi nikaagiza nje, beringi nikaagiza nje, spoku nimepiga mwenyewe. Bolti zake ni za ajabu, spana zetu za kumi na kumi na tatu hazikai, zingine zilikuwa zimeshaliwa vichwa tukaweka za kwetu za kawaida. Kabureta lake limeandikwa Amal, lilikuwa limeoza, fundi wangu wa Kizota akafunga la Boxer na linavuta vizuri tu. Tanki nimepeleka Dar likapigwa kromu, rangi nimeweka nyekundu inayong'aa, ukiiona Mjomba utapenda. Ile nembo ya bunduki tatu nimeisugua mpaka inameremeta. Nimetumia zaidi ya milioni tano na nusu, risiti ninazo za vitu vilivyotoka nje, zingine za hapa sina.

Nikaiweka stetasi, basi simu zikaanza. Wa kwanza ni mwenye hoteli mmoja hapa mjini anataka kuisimamisha mapokezi, ameniambia milioni tisa. Wa pili ni bosi mmoja anafanya kazi kule Mtumba, ye anataka kuiendesha wikiendi, anasema milioni kumi na moja ila lazima aje aijaribu mwenyewe barabarani. Wa tatu ni mzungu, namba yake inaanzia +44, anasema anakusanya pikipiki za vita yuko London, anatoa milioni ishirini na tano bila hata kuiona, hakupunguza hata shilingi. Ameshanitumia barua pepe ya benki inayoonyesha hela imetumwa ila imeshikiliwa mpaka nimlipe wakala wake wa usafirishaji laki nane, alafu hiyo laki nane nitarudishiwa humohumo. Ameniomba picha ya kadi na ya kitambulisho changu cha NIDA.

Shida nyingine, pikipiki asubuhi inawaka kiki ya pili au ya tatu, inatembea vizuri, lakini ikishachemka ukiizima haiwaki tena mpaka ipoe kabisa. Hata ikiwa inatembea ikipata moto sana inaanza kukosa kosa. Plagi tumebadilisha, bado. Fundi ananiambia we mnunuzi muite saa moja asubuhi, awashe, azunguke kidogo, alipe, aondoke nayo.

Na mwisho kubwa kuliko zote. Baba mdogo anaishi Morogoro, ameiona hiyo stetasi kwa mtu, akapanda gari mpaka kwangu. Anasema hiyo ni mali ya ukoo, iuzwe na hela igawanywe sawa kwa matumbo yote sita ya babu, na mimi nitapata kupitia fungu la marehemu baba yangu tu. Nikamuuliza na hela zangu je, akasema hakuna aliyekutuma. Kadi ipo, ina jina la babu na namba za zamani kabisa. Mke wangu anasema uza wiki hii hela iingie, watakuja kukuta banda tupu.

Niuze kwa nani Mjomba? Na je niandike kwenye tangazo kwamba ni ya Vita ya Pili ya Dunia na ilikuwa ya mradi wa karanga? Watu wanaambiwa hiyo inapandisha bei.

Mjukuu wa Bwana Mifugo, Nkuhungu

Jibu la Mjomba

Marahaba mpwa wangu, mbukwa.

Tuanze na huyu wa London, manake ye ndo wa haraka kumaliza. Hiyo milioni ishirini na tano haipo. Namba ya +44 mtu anaipata kwenye intaneti akiwa amekaa hata Majengo pale anakula chipsi, haimaanishi yuko Uingereza. Barua pepe ya benki inayosema hela imeshikiliwa mpaka ulipe wakala, hiyo ni kazi ya zamani sana ya matapeli, iko hivyohivyo kwa magari, viwanja, mpaka mbwa wa kufuga, hela inayotoka kweli ni laki nane yako peke yake. Na ukimtumia ya kwanza atakuja na ya pili, mara ushuru, mara bima. Ila mi hata bila hiyo barua pepe ningemshtukia kwa kitu kingine. Kama pikipiki yako ni BSA M20, na maelezo yako yote yanaelekea huko, silinda moja, kubwa, imezagaa enzi hizo, basi ujue jeshi la Uingereza peke yake lilichukua zaidi ya laki moja za namna hiyo wakati wa vita. Kule kwao sio kitu adimu, zipo, zinauzwa, spea zake mpaka leo zinatengenezwa, ndo maana hata we ulipata pistoni. Sasa mtu aliyezungukwa na M20 kwao aje anunue ya Nkuhungu bila kuiona, kwa bei isiyobishwa, alafu alipe na meli? Mblock. Na kama picha ya NIDA ulishamtumia, kaa macho na mtu yeyote atakayekupigia akijifanya wa benki au wa mtandao wa simu anayejua majina yako yote matatu.

Haya, baba mdogo. Hapa mpwa utanichukia kidogo.

Baba mdogo amekosea kwenye hesabu, kwenye msingi hajakosea. Kadi ina jina la marehemu, mirathi haijafunguliwa, kwaiyo kisheria hiyo pikipiki bado iko mikononi mwa babu. Shangazi kukaa kwenye ile nyumba hakumfanyi kuwa msimamizi wa mali, kwaiyo neno lake la "njoo uchukue takataka" ni la kiungwana lakini halikuhamishii umiliki. Na mtu hawezi kumpa mwenzake umiliki ambao ye mwenyewe hana, ndo sheria ya kuuziana ilivyo. Ukimuuzia yule bosi wa Mtumba kesho, atakupa hela, ataenda TRA kubadilisha jina, wataangalia kadi, watamuuliza muuzaji yuko wapi, muuzaji yuko makaburini Mpwapwa. Atarudi kwako. Na akirudi atakuta baba mdogo ameshafika polisi. Huo ushauri wa mkeo wa kuuza wiki hii ni wa mtu anayekupenda lakini utakupeleka kituoni, mwambie nimemsalimia.

Kwaiyo kabla ya kuuza, nenda Mpwapwa. Kaeni kikao cha familia, muhtasari uandikwe, wote wanaohusika wasaini, mchague msimamizi wa mirathi, kisha mwende mahakamani, anzieni Mahakama ya Mwanzo ya pale alipokuwa anaishi marehemu, karani atawaambia kinachofuata. Mtahitaji cheti cha kifo, kama hakijawahi kuchukuliwa mnaanzia RITA. Najua unasema Mjomba hiyo ni safari ndefu kwa ajili ya pikipiki. Mpwa, kuna nyumba pale, kuna kiwanja, na pengine shamba, yani mlitakiwa kufanya hivi miaka ishirini iliyopita, pikipiki ndo imewaamsha tu. Na shangazi yako naye anahitaji hayo makaratasi kuliko hata wewe, manake baba mdogo akishaonja hela ya pikipiki atageuza shingo aangalie nyumba.

Sasa kwenye hicho kikao usiende kulia na jasho lako, nenda na karatasi. Hoja yako ni moja tu, kilichoachwa na babu ni chuma kilichoshika injini kilichokuwa kinaenda kwa watu wa skrepa, na shangazi ni shahidi. Hicho chuma kina thamani yake, nayo ndo ya kugawana matumbo sita. Kilichoongezeka juu ya hapo ni hela zako na mikono yako. Mi ningewapa njia mbili wachague. Ya kwanza, familia ikuuzie wewe ile pikipiki kwa thamani ya siku ulipoichukua, na mimi hapo nisingekuwa bahili, weka hata laki saba au nane, kila tumbo lipate kitu cha kushika, msimamizi akusainie, pikipiki iwe yako na ukiiuza ni wewe na mnunuzi. Ya pili, msimamizi aiuze kwa niaba ya wote, lakini kabla ya mgao zinatoka gharama zako zote na ujira wako wa fundi, kinachobaki ndo kinagawanywa. Ya kwanza ni safi zaidi. Risiti ulizonazo zipange kwa tarehe, ambazo huna mwite huyo fundi wa Kizota aandike kwa mkono wake alilipwa nini na lini. Baba mdogo akisema hakuna aliyekutuma, mjibu taratibu kabisa kwamba sawa baba, basi tuirudishe banda la mbuzi ilivyokuwa, nifungue vya kwangu. Watu watacheka, na yeye atacheka.

Tuje kwenye chombo chenyewe, hapa ndo raha ilipo.

Kabla hujaandika neno lolote kwenye tangazo chukua tochi na kitambaa chenye petroli, ukatafute namba. Namba ya injini iko kwenye kesi ya injini upande wa kushoto, chini ya silinda. Ya fremu itafute mbele, fuata fremu kuanzia shingo ya usukani kushuka. Isugue kwa kitambaa tu, usiguse na msasa wala gurudumu la kusugulia vyuma, nakujua nyie watu wa kuchomelea mkono unawasha, namba iliyosuguliwa ni namba iliyokufa na polisi akiiona atakuuliza maswali ya wizi. Kama imeanza na WM20, hiyo ni ya mkataba wa jeshi wakati wa vita. Kama ni XM20 au ZM20, ni ya baada ya vita, vita haikuiona kabisa. Na usishtuke ukikuta ya injini na ya fremu hazifanani, BSA wa enzi hizo hawakuwa na kawaida ya kugonga namba moja kote kote, kinachotakiwa ni zote mbili ziwepo, zisomeke, na ilivyo kwenye kadi iendane na mojawapo. Piga picha za karibu, mchana, bila flashi. Picha hizo mbili zina thamani kuliko picha zako zote za tanki linalong'aa.

Ile nembo ya bunduki tatu uliyoisugua haithibitishi vita mpwa. BSA ilianza 1861 kule Birmingham kama kiwanda cha bunduki, pikipiki zilikuja baadaye, na nembo ile ilikaa hata kwenye baiskeli zao. Wazee wetu wengi tu waliopanda baiskeli ya BSA kwenda shule walikuwa wamekalia bunduki tatu.

Kuhusu Kongwa, hadithi ya babu inaingia akilini. Mradi wa karanga ulianza 1947 na ulifungwa mwanzoni mwa 1951, na ulijaa masalia ya jeshi, mpaka vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta ya kung'oa vichaka, sembuse pikipiki. Lakini kuingia akilini na kuthibitika ni vitu viwili. Kwenye tangazo andika hivi, "kwa maelezo ya marehemu mwenyewe aliinunua Kongwa baada ya mradi wa karanga", ukiandika hivyo umesema kweli na mnunuzi anapima mwenyewe. Usiandike "pikipiki halisi ya mradi wa karanga" kama huna karatasi. Muulize shangazi kama kuna picha ya babu amekaa juu yake, risiti, leseni ya zamani, hata barua ya ofisi ya mifugo ya posho ya petroli, wazee wale walikuwa hawatupi karatasi, iko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda nakuhakikishia. Picha moja ya babu na pikipiki mbele ya nyumba ya Mpwapwa itakuongezea bei kuliko hiyo kromu.

Na kromu sasa. Umefanya kazi nzuri, sitaki kukuvunja moyo, ila wanaonunua vitu hivi wamegawanyika. Mwenye hoteli anataka ing'ae, kwake umepatia. Mkusanyaji anataka kilichotoka kiwandani, hata kikiwa kimechakaa. Waingereza wenyewe wana utaratibu kwamba chombo cha zaidi ya miaka 30 kinachoingizwa kwao kikiwa kwenye hali yake ya asili kinaweza kutozwa kodi ya asilimia 5 tu, badala ya ile kubwa ya kawaida, lakini kiwe hakijabadilishwa mambo makubwa kama injini, fremu, breki. Kwaiyo swali la kwanza la mtu yeyote anayejua ni "vya zamani viko wapi?" Lile kabureta la Amal lililooza, bolti zilizoliwa vichwa, kebo, taa ya zamani, vyote viko kwenye ndoo au umetupa? Kama viko Kizota kavichukue leo kabla fundi hajavipeleka alikotaka kuvipeleka shangazi. Viweke kwenye boksi, boksi linaenda na pikipiki. Hizo bolti sio za ajabu, ni za vipimo vya Kiingereza vya zamani, Whitworth na ndugu zake, zina spana zake na spana za milimita zinazila. Mwambie mnunuzi zipi umebadilisha, manake fundi wake akija na spana moja atachanganyikiwa kukuta nati mbili zinazofuatana hazitaki spana moja.

Ugonjwa wa kuzima ikichemka naujua kwa jina. Pikipiki hizi nyingi zina magneti ya Lucas, ndo inayotoa moto wa plagi, iko pamoja na dainamo kwenye kitu kimoja wanakiita Magdyno, na ndani ya ile magneti kuna kondensa, ikizeeka inafanya kazi ikiwa baridi na inagoma ikipata joto. Asubuhi kiki mbili, mchana jasho mpaka shati linalowa, ndo dalili zake hizo. Inawezekana pia waya wa ndani umechoka ikabidi isukwe upya. Ifunguliwe na mtu anayejua magneti, sio wa alternetta za fuso. Na kwanza mkague kabureta la Boxer kama petroli inatosha, lile lilitengenezwa kwa injini ndogo kuliko hiyo ya cc 496, ikikosa petroli ya kutosha nayo inachemka kupita kiasi.

Huo mchezo wa kumuita mnunuzi saa moja asubuhi, sahau. Huyo bosi ataiendesha mpaka Chamwino, izime juani, akiwa na shati la wikiendi na mke nyuma. Akirudi kwako ana haki, Sheria ya Mikataba Sura ya 345 inamruhusu mtu aliyedanganywa kuvunja makubaliano, na wewe ulijua. Fundi wako hatakuwepo siku hiyo. Mwambie mnunuzi kabla hajauliza, ikichemka haiwaki, nadhani ni magneti, ama nitengeneze na bei ni hii, ama uichukue hivyohivyo na bei ni ile. Alafu iandikwe kwenye mkataba.

Na huyo bosi anayetaka kuijaribu mwenyewe barabarani, ngoja kwanza. Pikipiki hii gia ziko mguu wa kulia na breki ya nyuma iko mguu wa kushoto, kinyume na Boxer, TVS na kila kitu alichowahi kupanda. Atafika mzunguko wa kwanza, akili itasema breki, mguu wa kulia utakanyaga gia, na milioni zako zitaingia chini ya daladala. Mpeleke uwanja mtupu, mwonyeshe ukiwa wewe umepanda, alafu aende taratibu gia ya kwanza na ya pili mpaka miguu izoee. Kuwasha pia usimwachie, kuna ule wenzo mdogo wa kuwahisha na kuchelewesha moto wa plagi kwenye usukani, usiporudisha nyuma kiki inaweza kurudi na kumvunja kifundo, injini ya silinda moja kubwa haina utani. Mfundishe atafute mgandamizo kwanza, avute kile kiwiko cha kufungulia valvu, ashushe kidogo, ndo apige.

Jambo dogo lakini litakuaibisha, kama imekaa wiki kadhaa bila kuwashwa, oili inajivujia yenyewe kutoka kwenye tanki lake kushuka kwenye injini. Mnunuzi anafungua tanki la oili anakuta chini, anasema haina oili, anaongeza, ikiwashwa inatema moshi kama tanuri la matofali. Siku ya kuonyesha wahi uimwage ya chini kwenye injini kwanza, kuna nati yake chini, irudishe juu, ndo uangalie kipimo.

Kwa nani sasa. Mi ningemuuzia mwenye hoteli, na sio kwa sababu ya mapenzi. Ye haiendeshi, kwaiyo magneti kwake ni habari ya kawaida, rangi yako ndo anayoitaka, na hadithi ya bwana mifugo wa Mpwapwa ataiweka kwenye kibao ukutani. Milioni tisa kwake ni hela ya heshima, mwombe kumi, na akitaka isimame tu mwambie imwagwe petroli kwanza isije ikaunguza mapokezi yake. Bosi wa Mtumba ni mzuri kama utatengeneza magneti kabla, hapo hata kumi na mbili inaongeleka. Kama hao wote watayeyuka wakati unahangaika na mirathi, kuna watu wa vyombo vya zamani Arusha na Nairobi, kule Kenya kuna yale maonyesho ya Concours d'Elegance pale uwanja wa farasi wa Ngong, pikipiki nazo zina nafasi yake, ila kwa hao andaa lile boksi na lile kabureta la Amal, wataliulizia kabla ya salamu.

Kupokea hela, nendeni benki wote wawili, aweke kwenye akaunti mkiwa mmesimama dirishani, usikubali meseji ya simu wala karatasi iliyopigwa picha. Mkataba kwa wakili, uandike namba ya injini na ya fremu kama zilivyo kwenye chuma, uandike ugonjwa wake, uandike boksi la spea. Kabla ya yote hayo nenda TRA na ile kadi ya babu uulize kama ile namba ya zamani iko kwenye mfumo wao au itabidi isajiliwe upya, na kama itabidi, kubalianeni mapema nani analipia, manake hapo ndo wauzaji na wanunuzi wengi wanapogombania.

Wapigie mwenye hoteli na bosi leo, waambie ukweli kwamba ni mali ya mirathi, unashughulikia makaratasi, usichukue advansi hata ya laki moja. Anayeitaka kweli atasubiri. Na shangazi mpigie kabla ya baba mdogo, umuulizie lile sanduku.

Mjomba